Odi ya Aina Gani? Mwongozo wa Kutambua Aina za Odi kwa Kupima Beti Zake

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza akipewa odi na kuulizwa ni ya aina gani, mara nyingi huanza kwa kusikiliza sauti yake. Ikiwa na kishindo, mashujaa na miungu, huandika kwamba ni odi ya Pindar, mshairi wa Ugiriki ya kale. Ikiwa tulivu, yenye bustani na jioni, huandika kwamba ni ya Horace, mshairi wa Roma ya kale. Ikimchanganya, huiita huru. Njia hiyo hupatia leo na kukosea kesho, kwa sababu sauti ya shairi hubadilika badilika, ilhali aina ya odi imo katika umbo la beti.

Nawaandikia hasa wale waliokwisha kujifunza kuhesabu mizani na kufuata vina katika ushairi wa Kiswahili. Ujuzi huo ndio unaotakiwa hapa, lakini wengi huusahau pale tu wanapofungua kitabu cha washairi wa Uingereza kama Keats au Wordsworth, wakadhani ushairi wa kigeni husomwa kwa hisia peke yake.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba shairi ni odi

Odi ni shairi refu kiasi, lenye lugha ya heshima, linalomwelekea mtu, kitu au wazo fulani kwa dhati. Mtafute nafsinenewa. Mara nyingi nafsineni humwita waziwazi: ewe upepo, ewe ndege, ewe jioni. Ukishampata, tazama anafanywa nini. Katika odi husifiwa, huhojiwa, hutafakariwa, na aghalabu mshairi huishia kuuliza jambo kuhusu maisha yake mwenyewe.

Usikitegemee kichwa cha shairi. "To Autumn", aliloliandika John Keats mnamo Septemba 1819, halina neno la odi katika kichwa chake, lakini linahesabiwa miongoni mwa odi zake kuu, nami naona ndiyo iliyokamilika kupita zote. Kwa upande mwingine, mwaka 1748 Thomas Gray alichapisha shairi aliloliita odi juu ya kifo cha paka aliyezama katika chombo cha samaki wa mapambo. Lugha yake ni ya heshima, jambo lenyewe ni dogo, na mzaha unatokana na pengo hilo. Ukilisoma kama sifa za kweli utalipotosha.

Maombolezo nayo hukaribiana sana na odi. Tennyson alitunga odi ya kifo cha Duke wa Wellington mwaka 1852, na ndani yake mna msiba na sifa kwa pamoja. Kinachoifanya odi ni kwamba inasema mbele ya taifa zima, kwa ajili ya taifa, na inamtukuza marehemu kuliko inavyomlilia.

Hatua ya 2: Shika penseli, uandike namba

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa. Kabla hujajiuliza shairi lina maana gani, fanya yafuatayo. Yape beti namba, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Pembeni mwa kila ubeti andika idadi ya mishororo yake. Kisha mpe kila kina herufi: cha kwanza a, kinachofuata kikiwa tofauti b, na kuendelea. Mwisho, tia alama kwenye mishororo iliyo mifupi kuliko wenzake.

Ukifika hapo kumbuka tofauti moja. Sisi hupima mshororo kwa silabi, nane kwa nane au sita kwa nne. Ushairi wa Kiingereza wa zama hizo hupimwa kwa silabi zenye mkazo. Mshororo unaweza kuwa na silabi kumi, lakini sikio la Mwingereza husikia mikazo mitano. Kwa hiyo soma kwa sauti na ugonge meza kwa kidole kila panapoangukia mkazo. Ukigonga mara tano katika mistari mingi, halafu mmoja ukakupa tatu tu, umepata alama muhimu.

Tuchukue mashairi matatu tuone namba zinavyosema. "The Bard" la Thomas Gray, lililochapishwa mwaka 1757, lina beti tisa, na hesabu yake ni hii: 14, 14, 20, 14, 14, 20, 14, 14, 20. "Ode to a Nightingale" la Keats, la mwaka 1819, lina beti nane: 10, 10, 10, hadi mwisho. Odi ya Wordsworth kuhusu kumbukumbu za utotoni, iliyotoka mwaka 1807 na kujulikana kwa kifupi kama "Intimations of Immortality", ina sehemu 11: ya kwanza mishororo 9, ya pili 9, ya nne zaidi ya 20, ya sita 8, na hakuna mpangilio unaojirudia.

Hujasoma hata neno moja la maudhui, lakini tayari umeona njia tatu tofauti za kujenga odi. Hatua zinazofuata zinaeleza kila njia na mitego yake.

Hatua ya 3: Beti zikienda tatu tatu, mbili sawa na ya tatu tofauti

Hiyo ni odi ya Pindar. Pindar alikuwa Mgiriki wa upande wa Thebes, aliyezaliwa karibu mwaka 518 KK. Aliishi kwa kutunga nyimbo za kuwatukuza washindi wa michezo mikubwa ya Ugiriki: Olympia, Delphi, Nemea na Isthmia. Zimetufikia odi zake za ushindi 45, nazo ziliimbwa na kuchezwa na kundi la waimbaji mbele ya watu. Ya kwanza katika mkusanyiko wa Olympia ilitungwa kwa ajili ya Hieron, mtawala wa Syracuse, baada ya farasi wake Pherenikos kushinda mwaka 476 KK.

Beti zake nyingi huenda katika mafungu ya tatu tatu. Wa kwanza huitwa strofe, wa pili antistrofe, wa tatu epodo. Maelezo yaliyopokewa tangu zamani ni kwamba waimbaji walizunguka upande mmoja wakiimba strofe, wakarudi upande wa pili wakiimba antistrofe, wakasimama kuimba epodo. Mtu aliyewahi kutazama safu za wachezaji wa ngoma zikienda na kurudi kabla hazijatulia ataelewa kwa nini beti mbili za mwanzo lazima zilingane hasa: hatua zilezile zinachezwa upya kuelekea kwingine.

Basi kipimo chako ni hiki. Strofe na antistrofe zifanane mshororo kwa mshororo. Haitoshi zote kuwa na mistari 14. Mstari wa tatu wa hii uwe na urefu wa mstari wa tatu wa ile, na vina vikae mahali palepale. Epodo iwe na umbo lake. Kisha fungu zima lirudiwe, na epodo ya fungu la pili ilingane na ya fungu la kwanza. Katika "The Bard" kila sharti linatimia. Katika "The Progress of Poesy", odi nyingine ya Gray ya mwaka uleule, hesabu ni 12, 12, 17, mara tatu. Ben Jonson, zaidi ya karne moja kabla ya Gray, alitunga odi ya kuwakumbuka marafiki wawili, Cary na Morison, na akayapa mafungu yake majina ya Kiingereza yenye maana ya mgeuko, mgeuko wa kurudi, na kusimama. Ukiona majina hayo pembeni mwa beti, kazi yako ni nyepesi.

Baada ya umbo kuthibitika, ndipo usikilize sauti. Pindar hukaa na mshindi wake kwa muda mfupi, akaruka hadi kisa cha kale, akatoa neno la hekima, akarudi kwa mshindi bila kukuandaa. Katika odi ya Hieron anaanza kwa kusifu maji na dhahabu, akaingia katika kisa cha Pelops, na farasi anapita kwa mistari michache tu. Miruko hiyo ndiyo iliyowadanganya wengi baadaye, kama tutakavyoona.

Tahadhari mbili. Ukimsoma Pindar katika tafsiri ya nathari, beti hutoziona kabisa, kwa hiyo tafuta chapa iliyotia alama za mafungu. Tena, si kila odi ya Pindar mwenyewe ina mafungu ya tatu. Ya 14 katika zile za Olympia, kwa mfano, haina epodo. Tunaposema odi ya Pindar katika uchambuzi tunasema juu ya umbo alilolifanya maarufu.

Hatua ya 4: Beti zikiwa sawa zote, tena fupi

Hapa uko kwa Horace, mshairi wa Kirumi aliyezaliwa mwaka 65 KK. Alitoa vitabu vitatu vya odi mwaka 23 KK, na cha nne miaka kadhaa baadaye, jumla odi 103. Nyingi zina beti za mishororo minne minne, na kila ubeti hufuata kipimo cha ule wa kwanza. Vipimo hivyo alivichukua kwa washairi wa kisiwa cha Lesbos, Alcaeus na Sappho, walioishi karne nyingi kabla yake.

Msomaji wa Kiswahili ataupenda ubeti wa Sappho mara moja, kwa sababu unahesabika kwa mizani: mishororo mitatu ya silabi 11, na wa nne wa silabi 5. Haudai vina. Kilatini kilipanga pia silabi ndefu na fupi, jambo lisilowezekana kuigwa vizuri kwa lugha yetu, lakini hesabu yenyewe yaweza kusikika. Nimetunga ubeti huu ili uhesabu mwenyewe:

Ewe kisima cha kando ya shamba,
maji yako baridi yatuponya,
wapita njia na ndege wa pwani
wanakujua.

Sikia mshororo wa mwisho unavyofunga mlango. Ukilizoea umbo hilo utalitambua hata likivaa vazi la Kiingereza. "Ode on Solitude" la Alexander Pope, alilolianza akiwa bado mtoto, lina beti tano za silabi 8, 8, 8 na 4, lakini yeye ameongeza vina vya abab. "Ode to Evening" la William Collins, lililotoka katika miaka ya 1740, halina vina kabisa: mishororo miwili mirefu, kisha miwili mifupi, hadi mwisho.

Kuhusu sauti, Horace huongea na mtu mmoja: rafiki, mwanamke, mtumishi wa mezani. Hushauri, hutafakari, hukumbusha kwamba siku zinapita. Mwenyewe alijua tofauti yake na Pindar, na akaitunga. Katika odi ya pili ya kitabu cha nne anasema anayetaka kushindana na Pindar anaruka kwa mbawa za nta, na kwamba Pindar ni mto uliofurika kwa mvua ukiporomoka kutoka mlimani, ilhali yeye Horace ni nyuki mdogo anayekusanya kwa taabu. Nikiwa na nafasi ya kumfundisha mtu odi moja tu ya Kirumi, ningechagua hiyo, kwa kuwa inazieleza aina mbili kwa pamoja.

Lakini usidhani kwamba utulivu maana yake ni mambo ya nyumbani. Mwaka 1650 Andrew Marvell alitunga odi juu ya Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, aliporudi kutoka Ireland. Ndani yake mna vita, mapinduzi, na mfalme Charles I akikatwa kichwa. Anayesikiliza kishindo peke yake angeiita ya Pindar. Hesabu beti: mishororo miwili ya silabi 8, kisha miwili ya silabi 6, aabb, bila kuyumba hata mara moja. Naye Marvell ameiita ya Horace katika kichwa chenyewe. Anapima sifa za Cromwell kwa mizani ileile anayompimia mfalme, na ubeti mfupi uliosawazika ndio unaomwezesha.

Hatua ya 5: Namba zisipojirudia popote

Mwaka 1656 Abraham Cowley alichapisha odi alizoziita za Pindar. Alivutiwa na ile miruko ya mawazo, na mishororo yenye urefu tofauti, akaandika beti zisizolingana: huu mrefu, huu mfupi, vina vikija vinavyotaka. Wengi wakamfuata. Ndiyo sababu katika mashairi ya Kiingereza ya nusu ya pili ya karne ya 17 utakuta jina la Pindar juu ya odi ambazo hazina strofe wala epodo. Mwaka 1706 William Congreve aliandika makala kuwakumbusha wenzake kwamba Pindar alikuwa mtu wa utaratibu mkali kuliko walivyodhani. Kwa hiyo ukiliona jina hilo katika kichwa cha shairi la zama hizo, rudi kwenye namba zako kabla hujaliamini.

Odi huru ziliendelea kuzaa matunda mazuri. Dryden alitunga mbili kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Cecilia, mlinzi wa muziki, mwaka 1687 na 1697, na humo urefu wa mishororo hubadilika kadiri muziki unaotajwa unavyobadilika. "Dejection: An Ode" la Coleridge, la mwaka 1802, ni la kundi hili pia.

Nirudi kwa Wordsworth, kwa sababu ana mtego mzuri. Sehemu zake mbili za kwanza zina mishororo tisa tisa. Msomaji mwenye haraka husema: strofe na antistrofe, tumempata Pindar. Gonga meza. Mshororo wa kwanza wa sehemu ya kwanza una mikazo mitano, ule wa kwanza wa sehemu ya pili una mitatu. Vina navyo havikai mahali pamoja. Sehemu ya tatu haifanani na yoyote, wala hakuna fungu linalorudi. Ni odi huru.

Ukishaiita huru, usiishie hapo. Uliza kila badiliko la urefu linafuata nini. Mshairi hodari hafupishi mshororo ovyo. Wordsworth hufupisha furaha inapomchukua, na hurefusha pale fikra nzito inaporudi. Andika mahali hasa panapotokea hivyo, maana hapo ndipo pa kupatia alama za uchambuzi.

Hatua ya 6: Zile zinazokataa kuingia katika makundi matatu

Keats huwasumbua walimu na wanafunzi. Beti za "Ode to a Nightingale" ni sawa zote: mishororo kumi, vina ababcdecde, na ule wa nane mfupi, mikazo mitatu kati ya majirani wa mitano. Kwa kuwa beti zinalingana na sauti ni ya mtu anayewaza peke yake, vitabu vingi huiweka kwa Horace. Mimi naona lebo hiyo inaficha jambo. Ubeti wa Horace ni wa haraka na mwepesi, huu wa Keats ni mpana, una nafasi ya wazo kuanza, kuzunguka na kugeuka. Huandikwa vizuri zaidi kwamba ni odi ya beti zinazolingana, yenye undugu na Horace kwa sauti, na yenye umbo ambalo Keats alilijenga mwenyewe. Na usimhukumu kwa shairi moja: "Ode to Psyche", la mwaka huohuo wa 1819, lina beti zisizolingana.

"Ode to the West Wind" la Shelley, nalo la mwaka 1819, lina sehemu tano za mishororo 14. Kila sehemu ina beti nne za mishororo mitatu, zilizofungamana kwa kina cha katikati, aba bcb cdc ded, kisha miwili ya kufungia, ee. Ni mnyororo wa vina uliotoka Italia, umetiwa ndani ya odi. Taja mnyororo huo. Jina la Pindar au Horace halitakusaidia kitu hapa.

Halafu Pablo Neruda wa Chile, aliyetoa odi zake za mambo ya kawaida mwaka 1954: kitunguu, nyanya, na vitu vingine vya jikoni. Mishororo yake ni mifupi mno, mingine neno moja tu, inashuka ukurasa mzima bila vina. Kinachoifanya odi ni kuita na kutukuza. Hapa Hatua ya 1 ndiyo inayokuokoa, kwa sababu kalamu ya kuhesabu haina cha kushika.

Hatua ya 7: Kasida ipimwe kwa kipimo chake

Wafasiri wengi wa Kiingereza huiita kasida ya Kiarabu kwa jina la odi, na msomaji wa pwani huuliza basi ni ya Pindar au ya Horace. Si ya yeyote kati yao. Kasida hujengwa kwa mistari yenye vipande viwili, na kina kimoja hurudi mwishoni mwa kila mstari tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama ni mistari mia. Kasida za kabla ya Uislamu aghalabu hupita njia inayojulikana: kulia penye mahame ya mpenzi, safari ya jangwani, kisha sifa au majisifu. Ndicho cha kutafuta humo.

Burda na Hamziya, kasida mbili za al-Busiri wa Misri wa karne ya 13 katika kumsifu Mtume, zinajulikana sana kwetu. Hamziya imepata jina kutokana na kina chake, hamza, na Sayyid Aidarusi wa Pate aliitia katika Kiswahili cha kale. Mtu aliyezisikia katika maulidi amekwisha kusikia ushairi wa sifa katika kiwango cha juu, na anaweza kuuweka kando ya Pindar kwa heshima sawa bila kuulazimisha uwe na strofe. Vivyo hivyo tumbuizo za kale, yaani mashairi ya kuimbwa, kama lile la kuusifu uta linalonasibishwa na Fumo Liyongo: ni la sifa, linahitaji kipimo cha tumbuizo.

Unapoandika jibu

Anza na ushahidi wa namba: beti ngapi, mishororo mingapi, fungu lipi linarudi. Fuata kwa vina na mishororo mifupi. Kisha sauti: nani anaitwa, mbele ya nani, kwa lengo gani. Lebo ije mwisho, katika sentensi moja, na kama umbo na sauti vinavutana, sema hivyo waziwazi na utoe mfano wa mshororo. Mtahini anayejua kazi yake atathamini mvutano ulioonyeshwa vizuri kuliko lebo iliyobandikwa juujuu.

Kwa mazoezi, anza na Pope, kwa kuwa ni beti tano tu. Nenda kwa Marvell uzoee kutenganisha umbo na maudhui. Kisha "The Bard", ukiwa na penseli, ulinganishe strofe na antistrofe mstari kwa mstari. Wordsworth aje baada ya hapo, na Keats wa mwisho, "To Autumn" ikiwa na beti zake tatu za mishororo 11. Hesabu vina vyake kwa makini: mshororo wa kumi katika kila ubeti unarudia kina cha ule wa tisa, na ubeti unachelewa kufungika.